Daftari la Maziwa na Mashine ya Hesabu: Somo kwa Wakulima Wadogo

Pale Dagoretti Corner, mahali ambapo Barabara ya Ngong hukutana na Barabara ya Naivasha, yapo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Katika kazi zote za Idara hiyo, moja ni rahisi kuieleza: vyombo vya kupimia mvua husomwa kila siku na hesabu yake huandikwa. Ikiwa mvua imenyesha, huandikwa ni milimita ngapi. Ikiwa haikunyesha, huandikwa vile vile kwamba haikunyesha. Hakuna siku inayorukwa kwa sababu ilikuwa kavu. Kwa kuwa siku zote zimeandikwa, wataalamu waweza kutazama nyuma miaka mingi na kumwambia mkulima jambo la maana juu ya msimu unaokuja.

Sasa tusogee mbele kidogo, kuelekea Riruta, Kabiria, Waithaka, Ruthimitu na Mutuini. Sehemu hizi zimo katika mji wa Nairobi, lakini ukulima haujaziacha. Utaona zizi la ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, nepia kando ya ua, kuku, na sukuma wiki katika kila kipande cha ardhi kilichobaki. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hiyo mkulima wa huku si mtu wa kujificha tena.

Lakini tumwulize mkulima huyu swali moja: "Mwaka jana ng'ombe wako alitoa lita ngapi?" Wengi watatazamana na kucheka. Mvua yao imepimwa na kuandikwa, na maziwa yao hayakuandikwa. Somo letu la mwezi huu lahusu jambo hilo. Tutaeleza jinsi mashirika fulani ya biashara yanavyotumia programu za kompyuta na simu ili kumsaidia mtu wa kipato kidogo atoke katika umaskini, na jinsi wewe mwenyewe unavyoweza kufaidika bila kudanganywa.

1. UMASKINI WA KUTOJULIKANA

Kuna umaskini wa kukosa mali, nao watu wote waujua. Kuna na umaskini wa pili, yaani kukosa ushahidi wa mali uliyo nayo.

Tuseme mama mmoja auza lita 15 za maziwa kila siku kwa majirani na kwa hoteli ndogo karibu na stendi. Amefanya hivyo kwa miaka kumi. Siku moja ataka mkopo ili anunue mashine ya kukatia majani. Aenda benki. Benki yamwuliza: "Una hati ya shamba?" Hati ni ya mkwewe. "Una karatasi ya mshahara?" Hana mshahara. "Fedha zako zimepitia benki gani?" Zimepitia mkononi na kuishia dukani na shuleni. Basi benki yamwona kama mtu ambaye hajafanya kazi hata siku moja, naye ameamka saa kumi alfajiri kwa miaka kumi.

Mama huyu hakunyimwa mkopo kwa sababu ni mvivu, wala kwa sababu ng'ombe wake ni mbaya. Amenyimwa kwa sababu kazi yake haikuandikwa mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuisoma.

2. BIASHARA YA KIJAMII NI NINI?

Watu wengi wajua aina mbili za msaada. Ya kwanza ni sadaka: mtu hupewa, hula, na kesho hurudi. Ya pili ni biashara ya kawaida: mfanyabiashara hutafuta faida yake, na kama mkulima mdogo hana faida kwake humpita bila kumwangalia.

Biashara ya kijamii ipo katikati. Ni shirika linalouza na kununua kama biashara, lenye hesabu na faida, lakini nia yake iliyoandikwa ni kuondoa shida fulani ya watu, na faida hutumiwa kuendeleza nia hiyo. Mfano mmoja ni Honey Care Africa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2000. Shirika hili liliwapa wakulima njia ya kupata mizinga ya kisasa kwa mkopo, likawafundisha ufugaji wa nyuki, kisha likanunua asali yao kwa fedha taslimu. Sehemu ya fedha za asali ililipia mzinga. Mkulima hakuombewa sadaka. Alipata chombo, mafunzo na soko.

Biashara za namna hii zina shida moja kubwa, nayo ni hesabu. Kumwandikia mtu mkopo wa shilingi 5,000 ni kazi sawa na kumwandikia mtu mkopo wa shilingi 500,000. Fomu ni ile ile, karani ni yule yule, na daftari ni lile lile. Tena mtu wa shilingi 5,000 huishi mbali na hulipa kidogo kidogo.

Tazama mfano huu. Afisa wa shirika apanda matatu kwa shilingi 200 kwenda na kurudi, ili akapokee malipo ya shilingi 500. Kabla hajahesabu mshahara wake, karibu nusu ya fedha imekwisha njiani. Ili shirika lisifilisike, lazima liongeze riba au liache kabisa kumhudumia mtu wa mbali. Hii ni sababu moja kubwa ya mtu maskini kulipa riba kubwa kuliko tajiri. Mara nyingi si uovu wa mtu, bali ni gharama ya kumwandika na kumfikia.

Kwa hiyo chombo chochote kinachopunguza gharama ya kuandika na kufikia kinaweza kumpunguzia maskini mzigo. Hapo ndipo programu zinapoingia.

3. PROGRAMU HUFANYA KAZI GANI?

Programu ni mpangilio wa maagizo yanayoifanya kompyuta au simu itende kazi fulani. Usiiogope. Programu ya biashara ni daftari kubwa lenye karani asiyechoka. Kazi zake kubwa ni nne.

Kwanza, hutambua. Kila mkulima ana ukurasa wake, wenye jina, namba ya simu, mahali anapokaa na mali aliyo nayo. Wanjiku wa Kabiria hachanganywi na Wanjiku wa Mutuini.

Pili, huandika. Afisa afikapo shambani hujaza maswali katika simu badala ya karatasi. Programu nyingine hufanya kazi hata pasipo mtandao. Afisa huandika, na arudipo mahali penye mtandao taarifa zote huenda makao makuu mara moja. Programu iitwayo TaroWorks, iliyotokana na kazi ya shirika la Grameen Foundation, ilitengenezwa kwa ajili ya shida hiyo hasa. Taarifa zinazokusanywa nayo mashambani huingia katika Salesforce, programu ambayo makampuni makubwa ya Marekani huitumia kuweka habari za wateja wao.

Tatu, huhesabu. Mkulima amelipa kiasi gani? Bado kiasi gani? Ni kijiji gani ambapo wengi wamechelewa kulipa mwezi huu? Karani wa zamani angetumia juma zima kujumlisha. Programu hujibu papo hapo. Na wengi wa mahali pamoja wakichelewa pamoja, mkubwa mwenye busara hujua kwamba si ukaidi. Huenda ugonjwa wa mifugo umeingia au mvua imekosekana.

Nne, hukumbusha. Hupeleka ujumbe kwa mkulima siku inayotakiwa, pasipo mtu kukaa akitazama kalenda.

Programu hizi si lazima ziwe za bei kubwa. Mwaka 2006 Grameen Foundation ilitoa programu ya hesabu za mikopo midogo iitwayo Mifos, ambayo mtu yeyote aweza kuichukua, kuitumia na kuirekebisha pasipo kununua ruhusa. Hivyo shirika dogo la mikopo laweza kuwa na daftari imara kama la benki kubwa.

4. MIFANO YA AFRIKA MASHARIKI

Mambo haya hayakuanza jana, wala si hadithi za nchi za mbali.

(a) Malipo kwa simu. Mwezi wa Machi mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Wengi wetu twaiona kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Lakini ina faida nyingine: kila malipo huacha alama, yaani tarehe, saa, kiasi na namba ya risiti. Fedha za mkononi hazina kumbukumbu. Fedha za simu zinayo.

(b) Mikopo pasipo fedha mkononi. Mwaka 2010 shirika la Musoni lilianza kazi Nairobi, likitoa mikopo na kupokea malipo kwa simu tu. Afisa hakubeba mfuko wa fedha wala hakuogopa wezi. Baadaye lilitoa mkopo wa wakulima uitwao Kilimo Booster, ambao malipo yake hupangwa kufuata mavuno. Hili ni jambo kubwa. Mkulima wa mahindi hawezi kulipa kila juma kama mwenye duka. Lakini kupanga tarehe za watu elfu kumi, kila mmoja kwa zao lake, si kazi ya kalamu na karatasi.

(c) Mbegu na mbolea kwa mkopo. One Acre Fund ilianza Bungoma mwaka 2006. Huwapa wakulima mbegu, mbolea na mafunzo, nao hulipa kidogo kidogo. Zamani maafisa walikusanya fedha mikononi, wakaandika risiti, wakazipeleka mjini. Risiti zilipotea, na fedha nyingine zilipotea pia. Mwaka 2014 shirika lilianza kuhamia malipo ya simu huku Kenya. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba gharama ya kushughulikia malipo ilipungua kwa asilimia 80, na muda ambao maafisa waliutumia kukusanya fedha ulipungua karibu nusu. Afisa aliyeokoa muda huo aweza kuutumia kuwafundisha watu nafasi ya kupandia mahindi.

(d) Kalenda ya ng'ombe. Mwaka 2011 Su Kahumbu alianzisha huku Kenya huduma iitwayo iCow. Mfugaji alipeleka tarehe ambayo ng'ombe wake alipandishwa, na simu ikamrudishia mashauri kwa siku zinazofaa. Simu ya kawaida isiyo na mtandao ilitosha.

(e) Bima ya mvua. Hapa twarudi kwenye chombo cha mvua. Mwaka 2009 mpango wa Kilimo Salama ulijaribiwa kwa wakulima 200 wa Laikipia. Mkulima alilipia bima kidogo aliponunua pembejeo. Vituo vya hali ya hewa vilipima mvua, na hesabu ikaingia katika kompyuta. Mvua ikikosekana kupita kiasi kilichowekwa, fidia ilitumwa kwa M-Pesa, pasipo afisa kuzunguka kila shamba kutazama mahindi yaliyokauka. Kama angezunguka kila shamba, gharama yake ingekuwa kubwa kuliko bima yenyewe. Kazi hiyo iliendelezwa na ACRE Africa kuanzia mwaka 2014. Bima hii ina upungufu wake, na ni vizuri tuuseme: mvua yaweza kunyesha penye kituo na kukosa shambani kwako. Hapo mashine itasema mvua ilikuwako.

5. HESABU YA NG'OMBE WAWILI

Pengine wasema, "Hayo ni ya mashirika. Mimi nina daftari la shule la watoto tu." Vema, lilete hilo daftari. Programu yoyote haitakufaa ikiwa hujazoea kuandika. Tufanye hesabu pamoja. Bei tunazotumia ni za mfano tu. Weka bei za kwenu.

Mkulima ana ng'ombe wawili. Auza maziwa kwa shilingi 50 kila lita. Twahesabu mwezi wa siku 30.

Ng'ombe wa kwanza:
Maziwa lita 10 kwa siku, yaani lita 300 kwa mwezi: Shs. 15,000
Chakula: Shs. 8,400
Dawa na daktari: Shs. 600
Matumizi yote: Shs. 9,000
Faida: Shs. 6,000

Ng'ombe wa pili:
Maziwa lita 5 kwa siku, yaani lita 150 kwa mwezi: Shs. 7,500
Chakula: Shs. 7,800
Dawa na daktari: Shs. 1,200
Matumizi yote: Shs. 9,000
Hasara: Shs. 1,500

Mkulima asiyeandika huona fedha zote kwa pamoja. Amepata shilingi 22,500, ametumia 18,000, zimebaki 4,500. Ashukuru na kuwasifu ng'ombe wake wote wawili. Mkulima anayeandika ajua kwamba ng'ombe wa kwanza alileta 6,000, na wa pili alikula 1,500 katika hizo.

Je, amwuze ng'ombe wa pili kesho asubuhi? La, asifanye haraka. Atazame ukurasa wa tarehe. Huenda ng'ombe huyu ana mimba na maziwa yake yanakwisha kwa desturi ya mwili. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 hivi, na yafaa akaushwe maziwa siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele chake kipumzike. Ikiwa alipandishwa miezi sita iliyopita, basi hasara ya mwezi huu ni ya kungoja, na akizaa ataleta faida. Lakini ikiwa amepandishwa mara nne na hakushika mimba, daftari litasema hivyo pia, na hapo ndipo pa kumwita daktari wa mifugo na kufanya shauri.

Hesabu ya mwezi mmoja yaweza kukupotosha. Hesabu ya mwaka mzima ndiyo yenye kusema kweli. Kwa hiyo andika kila siku, kama mvua inavyoandikwa.

Katika daftari lako weka kurasa nne:

Ukurasa wa maziwa: tarehe, jina la ng'ombe, lita za asubuhi, lita za jioni. Andika pia maziwa wanayokunywa watoto, kwani hayo ni pato lako.
Ukurasa wa matumizi: chakula, dawa, maji, nauli, na mshahara wa kijana wa kukata majani.
Ukurasa wa ng'ombe: siku ya joto, siku ya kupandishwa, siku ya kuzaa, ugonjwa na dawa aliyopewa. Asiposhika mimba, joto hurudi baada ya siku 21 hivi. Kwa hiyo weka alama ya siku hiyo mapema.
Ukurasa wa madeni: nani anakudai, nani unamdai, na siku ya kulipa.

Ukifanya hivi kwa miezi sita, siku utakapokutana na afisa wa shirika mwenye simu yake, utajibu maswali yake kwa hesabu, si kwa kukisia.

6. JINA LA NANI LIMEANDIKWA?

Kuna jambo moja ambalo kila nyumba yapasa ilizungumze kabla ya kujiandikisha mahali popote.

Katika nyumba nyingi mama ndiye anayekamua, anayelisha na anayebeba mkebe wa maziwa. Lakini laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mume, na ng'ombe pia. Programu haioni mikono inayokamua. Huona jina na namba. Malipo yatakwenda kwa namba hiyo, na sifa ya kulipa vizuri itakwenda kwa jina hilo. Baada ya miaka mitano ya kazi, mwenye jina ataweza kukopa, na mwenye mikono atabaki yule mama tuliyemtaja mwanzo, ambaye benki haimwoni.

Tena maziwa yaliyouzwa kila siku kwa fedha za mkononi yalimpatia mama fedha za chumvi, sabuni na daftari za watoto. Yakilipwa kwa pamoja mwisho wa mwezi, kwa simu ya mtu mwingine, huenda fedha hizo zisionekane jikoni tena. Shirika litaandika katika taarifa yake kwamba nyumba ile imepata maendeleo, na huku chakula cha watoto kimepungua.

Basi Bwana na Bibi, kaeni pamoja mkubaliane. Ikiwa mama ndiye mwenye kazi, aandikwe yeye, kwa laini yake. Na ninyi mlio maafisa wa mashirika, ulizeni swali hili kabla ya kujaza fomu.

7. HATARI ZA KUJIHADHARI

Mashine hurudia inachoambiwa. Afisa akiandika lita 8 badala ya 18, mashine haitaona haya. Itahesabu 8 mwezi mzima. Kwa hiyo usitupe daftari lako la karatasi. Siku mashine na wewe mtakapotofautiana, daftari ndilo shahidi wako. Hifadhi risiti, na ujumbe wa malipo usiufute.

Usikope kwa sababu ni rahisi. Simu yaweza kukupa mkopo kwa dakika moja, na riba yake ikakusumbua mwaka mzima. Mkopo mzuri ni ule unaonunua kitu kitakacholeta fedha za kuulipa. Mkopo wa kununua mtamba waweza kujilipa. Mkopo wa kulipia sherehe haujilipi.

Ujue nani anakukopesha. Tangu mwaka 2022 zipo kanuni zinazowataka wakopeshaji wa simu wasio benki wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Asiye na leseni usimpe kitambulisho chako.

Ujue unaandikwaje. Mkopo usiolipwa waweza kupelekwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo watu huziita CRB, na jina lako likasomwa na kila benki. Una haki ya kupata taarifa yako kutoka ofisi hizo mara moja kwa mwaka pasipo malipo. Itazame. Ikiwa ulilipa na bado umeandikwa mdaiwa, dai isahihishwe.

Taarifa zako ni mali yako. Sheria ya Kulinda Taarifa za Watu ya mwaka 2019 yakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni afisa.

Usitazamie muujiza. Programu haiongezi maziwa katika kiwele wala haileti mvua. Haiwezi kupandisha bei ikiwa soko ni la mnunuzi mmoja. Inachoweza ni kuonyesha kweli upesi na kwa gharama ndogo. Ikionyesha kwamba wakulima wanapunjwa, bado yahitaji watu waungane katika chama chao ili wadai haki.

8. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUJIANDIKISHA

Shirika likija kwenu na programu yake, usione haya kuuliza:

(1) Nikilipa, nitapata risiti gani, na kwa muda gani?
(2) Riba na ada zote kwa pamoja ni shilingi ngapi? Niandikie kwa shilingi, si kwa asilimia tu.
(3) Tarehe za kulipa zafuata mavuno na maziwa yangu, au zafuata kalenda yenu?
(4) Ng'ombe akifa au mvua ikikosa, itakuwaje?
(5) Taarifa zangu zitaonwa na nani?
(6) Kosa likitokea katika mashine, nimwendee nani, ofisi gani?
(7) Nikitaka kutoka, nitapewa hesabu yangu yote niende nayo?

Shirika jema litafurahi kuulizwa. Linalokasirika, liache lipite.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomeeni wenzenu somo hili katika mkutano wa kikundi, kisha mjibu:

(1) Kwa nini mkopo mdogo hugharimu sana kuutunza?
(2) Taja kazi nne za programu ya biashara.
(3) Ng'ombe wa pili katika hesabu yetu alileta hasara ya shilingi ngapi? Kwa nini haifai kumwuza mara moja?
(4) Mbona mtu mwenye programu bado ahitaji daftari la karatasi?
(5) Katika nyumba yenu, ni jina la nani lililoandikwa, na ni mikono ya nani inayofanya kazi?

KAZI YA MWEZI HUU

Nunua daftari moja na kalamu. Chora mistari ya kurasa nne tulizozitaja. Anza na maziwa ya kesho asubuhi, na usiruke siku. Ng'ombe asipotoa kitu, andika kwamba hakutoa. Mwisho wa mwezi jumlisha, na umwonyeshe mwenzako wa nyumbani hesabu hiyo. Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kuhesabu gharama ya chakula cha ng'ombe mmoja anayelishwa zizini.